Somo wa Naibu Waziri

Mama hana desturi ya kunipigia simu mchana. Siku hiyo alipiga saa nane, mimi nikiwa Bariadi mjini nasahihisha madaftari ya kidato cha pili, akaongea kwa sauti ya chini kama mtu aliyejificha nyuma ya ghala.

"Njoo nyumbani. Baba yako wamemteua."

"Wamemteua kuwa nani?"

"Naibu waziri. Wa mifugo. Watu wameshaanza kuja, na mimi nina kuku wawili tu."

Baba yangu alikuwa mpima pamba wa chama cha msingi Sapiwi mpaka alipostaafu. Alisoma hadi darasa la saba, na safari yake ya mbali kuliko zote ilikuwa ya Mwanza, kumpeleka shangazi hospitali. Kijijini wanamjua kwa jambo moja: mzani ukisema kilo arobaini na tatu na nusu, yeye huandika arobaini na tatu na nusu, hata kama mwenye pamba ni shemeji yake. Wamemnunia wengi kwa ajili ya ile nusu. Mtu wa namna hiyo hateuliwi kimyakimya.

Njiani, nikiwa kwenye bodaboda, nilifungua simu nikasoma orodha ya mawaziri wapya. Kwenye safu ya manaibu niliona jina la baba, la ubatizo na la ukoo, herufi kwa herufi. Katikati yake palikuwa na jina jingine ambalo si letu. Baadaye niliambiwa kwamba redio ya kinyozi pale senta ilikwama kidogo wakati wa kusoma, ikalimeza hilo jina la kati. Vichwa viwili vilivyokuwa vimenyolewa nusu viliondoka hivyo hivyo kwenda kumpa mzee hongera.

Nilikuta ua umejaa. Baba alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha kamba, amevaa shati la kufanyia palizi, anaongea taratibu kama anayeeleza njia kwa mgeni.

"Jamani, si mimi. Hakuna aliyenipigia simu."

"Kiongozi wa kweli hajitangazi," mwenyekiti wa kijiji akawaambia waliokaa karibu naye, na wote wakatikisa vichwa kwa heshima. Kila baba alipokana, walizidi kumpenda.

Aliponiona alipumua. "Mwalimu huyu hapa. Anafundisha uraia. Mwulizeni yeye."

Nikawaamkia, "Mwadila," wakaitikia, kisha nikaanza na hoja niliyodhani inamaliza kila kitu. Nikasema waziri na naibu waziri lazima watoke miongoni mwa wabunge, na baba si mbunge.

Mwenyekiti aliinua kidole. "Lakini Rais si anaruhusiwa kuteua wabunge kumi mwenyewe?"

Ilikuwa kweli. Nilitamani angekuwa mwanafunzi wangu, na nilitamani pia angenyamaza. Watu wakapiga makofi. Ikabidi nieleze yote toka mwanzo, maana niliona bila hivyo tutakesha. Nikasema Baraza la Mawaziri linaongozwa na Rais, na ndani yake wamo Makamu wa Rais, Waziri Mkuu, Rais wa Zanzibar na mawaziri wote. Mwanasheria Mkuu naye anaingia, anachangia kama wenzake, ila kura hana.

"Kama mkwe kwenye kikao cha ukoo," akasema bibi mmoja jirani yetu, na sijapata kuwaeleza wanafunzi wangu vizuri kuliko hivyo.

"Na wakishakaa, wanafanya nini?" akauliza mwingine.

"Wanamshauri Rais. Humo ndani mtu anaweza kupinga. Wakishaamua, wote wanatoka na kauli moja, hata yule aliyepinga."

Mama akasikika kutoka jikoni. "Basi baba yenu hafai."

Watu walicheka, na baba akacheka nao. Nikadhani tumevuka salama. Ndipo kiongozi wa kwaya yetu ya kigango, mama mmoja anayependa kujua mambo mpaka mwisho, akauliza naibu waziri anakaa upande gani wa meza.

"Naibu si mjumbe wa Baraza," nikasema. "Anamsaidia waziri wake kazi za wizara, na anajibu maswali bungeni."

Baba akageuza kiti chake kunielekea.

"Yaani wenzake wakiwa kikaoni, yeye yuko wapi?"

"Ofisini kwake, nadhani."

"Na ng'ombe wakizungumziwa?"

"Waziri ndiye atakayewazungumzia."

"Kwa hiyo mtu anatolewa Sapiwi, anapelekwa Dodoma, halafu anaambiwa kaa hapa usubiri?"

"Baba, si wewe."

"Najua si mimi. Nauliza tu." Lakini uso wake ulikuwa umebadilika. Nilikuja kuelewa kwamba alikuwa amekataa cheo kimoja mchana ule, na sasa alikuwa amegundua kwamba hata hicho alichokataa kilikuwa kidogo.

Ukweli ulifika kwa simu ya yule yule kiongozi wa kwaya. Mtu alimtumia picha ya naibu waziri mwenyewe: mwanamume wa makamo, mwenye miwani na mashavu yaliyoshiba. Simu ikazunguka ua mzima. Mzee mmoja asiyeona vizuri aliisogeza karibu na pua, akamtazama baba, akairudia picha. "Hapa ulikuwa umenenepa," akasema.

Hakuna aliyeondoka, kwa sababu kuku walikuwa wameshachinjwa. Tulikula, na watu waliposhiba mwenyekiti akasema kwamba somo ni ndugu, na ndugu akipata, kijiji kimepata. Josho letu lilikuwa na nyufa, dawa ilikuwa inavuja yote ardhini, na barua tatu za kijiji zilikuwa hazijajibiwa. Kwa nini ya nne asiiandike namhala huyu, mzee wetu?

Baba alikubali kwa sharti kwamba barua iende kwenye ofisi ile ile ya siku zote, isiende Dodoma. Mimi nikaongeza langu: chini ya jina aandike "mkulima na mfugaji, Sapiwi", kusiwe na utata. Aliandika hivyo kwa herufi kubwa, akapigia mstari.

Ofisi ile sitaitaja. Barua ilipelekwa Ijumaa, na Jumanne gari jeupe likasimama mbele ya zizi letu. Walishuka maofisa wawili, mmoja anafunga kifungo cha koti huku anatembea, wakamwamkia baba shikamoo mara mbili mbili.

"Marahaba. Mimi si naibu waziri," baba akasema kabla hawajakaa.

"Tunajua, mzee. Mheshimiwa yuko Dodoma."

"Wala si ndugu yangu. Ni somo tu, na sijawahi kumwona."

Wale maofisa wakatazamana. Mkubwa wao akainama kidogo, akashusha sauti. "Tunaelewa, mzee. Hatutasema."

Mafundi walikuja wiki hiyo hiyo. Nyufa zikazibwa, bomba likabadilishwa, dawa ikaletwa, na ng'ombe wa vitongoji vitatu wakaanza kuogeshwa kila Alhamisi. Kijiji kilifurahi isipokuwa mtu mmoja. Baba alikosa raha. Alisema amepokea kitu kwa mzani wa uongo. Mwishowe akaandika barua ya pili, akieleza kwa aya tano kwamba hana uhusiano wowote na kiongozi yeyote wa serikali, akaendesha baiskeli kuipeleka mwenyewe, akaona ikigongwa muhuri. Siku nne baadaye tukaletewa pipa jingine la dawa.

"Usiandike ya tatu," mama akamwambia. "Josho litafurika."

Mwaka uliofuata Baraza likabadilishwa. Waziri mmoja alihamishwa, mwingine akatoka, na kwa manaibu jina la baba halikusomwa tena. Safari hii kinyozi alisikia vizuri. Nilipofika nyumbani Jumamosi nilikuta watu wamekaa kwenye mikeka, wanaongea kwa sauti za msibani, na maziwa ya mgando yamejaa kwenye ndoo mbili.

"Pole, namhala. Ndiyo serikali," walimwambia mmoja mmoja.

Nilitegemea akatae kama kawaida yake. Lakini aliitikia, "Nimepoa," akawapa mkono wote. Walipoondoka aliniuliza kama yule mtu alikuwa na watoto wadogo. Nikasema sijui. Akauliza kama bado ni mbunge. Nikasema ndiyo, ubunge hauondoki na uwaziri.

"Hata hivyo," akasema, "nyumba yake leo itakuwa kimya."

Akaomba karatasi. Aliandika barua fupi ya pole, na hakutaja josho wala hakuomba kitu. Alisema tu kwamba yeye ni somo wake, anafuga, na kwamba huku Sapiwi watu wamekuja kumhani kwa niaba yake. Mimi niliipeleka posta Bariadi nikiwa na hakika kwamba itaishia kwenye kapu.

Majibu yalikuja baada ya mwezi, yameandikwa kwa mkono, si kwa mashine. "Nashukuru, somo yangu," yalisema. "Nilipoteuliwa nilipokea salamu nisizoweza kuzijibu zote. Nilipotoka, barua ni yako tu. Wasalimie waliokuja."

Baba aliisoma mara mbili, akampa mama, ingawa mama hasomi bila miwani. Nikamsomea. Mama akaniuliza kama mabasi ya Dodoma yanapokea mizigo midogo, akaingia ndani kutafuta kiroba cha michembe, viazi vitamu vya kukausha, kisicho na wadudu.