Mdondosha petali wa Holmeroyd

Saa tano kasoro robo asubuhi, Jumapili ya kuwakumbuka waliokufa vitani, Clifford Sugden amelala kifudifudi juu ya dari ya kanisa la Holmeroyd. Uso wake umeelekea kwenye tundu lililotobolewa zamani kwa ajili ya kupandishia kengele. Ubavuni mwake kuna kapu. Chini yake, mbali kiasi cha kumtia mtu kizunguzungu, mji mzima umekaa na kuinamisha vichwa.

"Kutoka huku wote ni visogo," ananong'ona. "Meya kisogo, muuza samaki kisogo. Yule mwenye upara unaong'aa ni daktari wangu."

Kapu limejaa petali nyekundu za karatasi, za ua la mpopi, alama ya waliokufa vitani, lile lile ambalo kila koti mjini hapa limelibeba kifuani tangu mwisho wa Oktoba. Ziko mia tatu na kumi na mbili, moja kwa kila jina la askari wa mji huu lililochongwa ukutani. Majina mengi ni ya vita vya kwanza vya dunia, viwanda vya sufu vilipobaki kimya kwa sababu vijana walikuwa wameondoka pamoja, mtaa kwa mtaa. Jina la mwisho ni la Craig Hepworth, aliyeuawa Afghanistan akiwa na miaka ishirini.

Mzee Cliff, mwenye umri wa miaka sabini na minne, ni mtunza kanisa. Hufagia, huzibua mifereji ya paa na kubembeleza tanuri bovu la kupashia kanisa joto, kwa ujira ambao mkewe, Brenda, huuita "hela ya chai, tena bila maziwa." Kazi ya kapu haina malipo kabisa. Ameifanya kwa miaka ishirini na sita, na mwaka wa kwanza nusura imfukuzishe. Petali zilikuwa zimewekwa sandukuni kanisani, na unyevu wa Novemba huku Yorkshire hulowanisha hata kilichofungwa.

"Zilishuka bonge moja, pu, mapajani kwa meya," anakumbuka. "Hajanisalimia mpaka leo."

Tangu hapo huzikausha jikoni kwake kwa wiki nzima, zikiwa zimetandazwa juu ya magazeti mezani karibu na jiko. "Novemba sisi tunakula ngazini, sahani magotini," anasema Brenda. "Ukipiga chafya humu ndani, ni talaka."

Lakini mwaka huu magoti ya Mzee Cliff yamemsaliti. Januari atafanyiwa upasuaji, na daktari amempiga marufuku kupanda ngazi. Baraza la kanisa nalo likasema bila kuzunguka: asipopatikana mtu wa kupanda, desturi hii ndiyo basi. Kuna aliyependekeza mashine ya kurusha picha za petali ukutani. Mzee Cliff alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama picha hizo zinaweza kuokotwa.

Akiwa katika mawazo hayo ndipo alipojiwa na Denise Hepworth, mama yake Craig, anayeuza mikate ya nyama katika duka linalotazamana na kanisa. Mkononi alishika petali aliyoikata kwenye jezi nyekundu ya mwanawe.

"Hii idondoshe peke yake, mwisho kabisa," alimwambia. "Niione."

"Siwezi, mama."

"Huwezi au hutaki?"

"Kule juu hakuna jenerali wala kuruta. Mtoto wa mwenye kiwanda na mtoto wa mfagiaji wanaanguka pamoja. Nikimpa mmoja nafasi yake, wale wengine nitawaambia nini?"

"Wale wengine mama zao walishakufa, Cliff. Niliyebaki pale chini ni mimi. Kila mwaka nachagua moja, nasema huyu ndiye, halafu inakwenda kutua begani kwa mtu mwingine."

Mzee Cliff alilijua hilo. Mwaka baada ya mwaka, katikati ya visogo vyote, alikuwa akiona uso mmoja tu ukitazama juu. Hata hivyo hakubadili neno lake. Denise alirudisha kitambaa kwenye mkoba na kumwambia kwamba mkate wake wa Ijumaa akautafute duka jingine.

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na Mzee Cliff na Brenda hawakujaliwa mtoto. Anakiri kwamba usiku ule usingizi ulimpaa. Kulipokucha alivuka barabara, akapanga foleni dukani kama mteja yeyote.

"Si nimekwambia utafute duka jingine?" Denise alimuuliza.

"Sikuja kununua. Una viatu visivyoteleza?"

Ndiyo maana leo darini wamelala watu wawili, Mzee Cliff akiwa amemkaidi daktari kwa mara ya mwisho. Denise amevaa koti lake jeusi la heshima, na tayari lina utando wa buibui mgongoni. Mzee Cliff amemfundisha kwa kunong'ona: chota chopa dogo, zisugue kwa vidole ziachane, usirushe, fungua mkono tu.

Chini tarumbeta inalia. Sauti ya mwisho inakatika, na kimya cha dakika mbili kinaingia.

Waswahili husema kimya kingi kina mshindo mkuu. Kimya cha Holmeroyd hakingojei mshindo wowote, kinatosha chenyewe. Nje, basi limesimama katikati ya barabara na dereva ameshuka, kofia mkononi. Watoto wachanga nao wametulia, na hakuna anayeweza kueleza kwa nini.

Denise anafungua mkono. Petali hazianguki kama vitu vingine vinavyoanguka. Zinasita, zinayumba, zinageuka upande mmoja kisha mwingine, na zikipita kwenye mwanga wa dirisha zinawaka nyekundu zote kwa pamoja. Mtu anayeziona kutoka juu anahisi kwamba mji mzima wa zamani unashuka kurudi nyumbani bila haraka. Mtu haoni tena haya kulia.

Zinatua mabegani, kwenye mvi, kwenye vitabu vya nyimbo. Hakuna anayezipangusa.

Tarumbeta inalia tena. Kapu ni tupu.

"Ile ya jezi iko wapi?" Mzee Cliff anauliza.

"Niliichanganya humo." Denise anajifuta machozi kwa mkono wenye vumbi. "Sikuona ilipotoka, mzee. Nilijiambia nitamtafuta, halafu nikawaachia wote. Wote walikuwa wangu."

Mzee Cliff, mtu wa sheria zake, anakohoa kidogo. "Mimi sikuona kitambaa chochote," anasema.

Wanabaki wakitazama watu wakitoka nje, wakizikwepa petali zilizo sakafuni. Kisha Denise analivuta kapu upande wake.

"Mwakani nitapanda mimi. Brenda anifundishe kuzikausha."

"Na mimi nitakaa wapi?"

"Pale pangu, safu ya mbele, kushoto. Beba leso."

Hilo ndilo tumaini la Mzee Cliff sasa. Miaka ishirini na sita amezidondosha, na hajawahi hata mara moja kuziona zikimjia. Anataka kukaa chini yake angalau mara moja, na magoti mapya yatamfikisha kwenye benchi.

"Nitakutambuaje kutoka huku?" Denise anamtania. "Si umesema wote ni visogo?"

"Utanitambua," anajibu. "Nitakuwa natazama juu."