Nilivyovuka Mpaka Kununua Maharage ya Kumpa Mtoto Jina

Ndugu zangu mliobaki Karagwe, najua mtacheka, lakini afadhali msikie kwangu kuliko kwa watu: mimi, karani wa serikali mwenye tai mbili, nimekwenda sokoni na kikapu. Safari yenyewe haikufika mwendo wa saa moja kwa miguu, ila nilivuka mpaka wa nchi.

Sababu ilikuwa mtoto wetu wa kwanza. Donata, mke wangu, alikuwa amejifungua wiki iliyopita, na Jumapili tulipaswa kumpa mtoto jina. Huku Gisenyi, watoto wa majirani hualikwa, hulishwa mpaka washibe, kisha kila mmoja hupendekeza jina. Sasa mshahara ulikuwa umechelewa, mfukoni nilikuwa na noti moja tu ya elfu tano, na mama mkwe, aliyeshuka kutoka Mudende kumhudumia binti yake, alikuwa ameshaanza kufungua fundo la kitenge chake anamoweka fedha.

"Mkwe wangu," aliniambia kwa upole, "chakula cha Jumapili nitanunua mimi."

Jamani! Sherehe ya mwanangu, ndani ya nyumba yangu, chakula cha mkwe? Nilimjibu kwamba kila kitu kiko tayari. Hakikuwa tayari hata kitunguu.

Jumamosi saa mbili asubuhi nilimgongea Mama Riziki, jirani yetu ambaye kila siku huvuka mpaka kwenda Goma, nchi ya pili, kuuza karoti. Nilimweleza shida yangu yote. Alinitazama kuanzia viatu mpaka tai.

"Batoto ngapi?"

"Kama ishirini hivi."

"Bon. Inawezekana. Lakini utoe ile kravati. Na kule sokoni we nyamaza, mi ndo nitasema. Ile Swahili yako ya redio inapandisha bei."

Kabla hatujaondoka aliuliza kama tumetunza makaratasi ya sabuni. Makaratasi gani tena? Kumbe kuna duka huko Goma lililokuwa likitoa mche mmoja bure kwa kila makaratasi kumi ya sabuni yake, na wanawake wa mtaa mzima walikuwa wakiyaweka chini ya godoro. Mimi ndiye niliyekuwa nikiwashia nayo jiko la mkaa kila asubuhi, tena nikijisifu.

"Ye baba we!" alisema Mama Riziki. "Umechoma sabuni!"

Alipita nyumba tatu za majirani akinichangishia, akarudi na makaratasi kumi na moja. Niliona haya, lakini niliyatia mfukoni.

Saa tatu tulikuwa mpakani. Wanawake walivuka na karoti na vitunguu kichwani, na kati yao mwanamume mmoja mwenye kikapu kitupu. Askari aliyekagua kibali changu cha kuvuka aliniuliza ninakwenda kufanya nini. "Kununua maharage," nikasema. Akamwita mwenzake aje anione.

Mtaa wa Birere unaanza palepale ukishavuka, maduka yamebanana mpaka mlangoni. Mama Riziki alikabidhi karoti zake kwa mwanamke anayezinunua kwa jumla, kisha tukaingia kwenye lile duka. Makaratasi kumi yalihesabiwa moja moja, nikapewa mche wangu wa sabuni bila kutoa hata faranga moja. Kwenye mafuta ya kupikia mimi nilikimbilia makopo mazuri yaliyopangwa mbele. Yeye alienda pembeni, akainua kopo lililobonyea ubavu, akamwonyesha mwenye duka.

"Papa, hii utapunguza. Imegongwa."

"Lakini mama, mafuta iko muzuri!"

"Donc iko muzuri kwa bati mbaya. Punguza."

Bei ikapungua theluthi nzima. Mafuta hayakuwa na habari kwamba nyumba yao imebonyea.

Saa tano tulifika sokoni, na hapo ndipo nilipoharibu. Mama Riziki alisimama kumsalimu shoga yake, nami nikaona muuza maharage ametulia peke yake. Kopo ni faranga mia mbili, alisema. Nikakohoa, nikamwaga Kiswahili chote nilichofundishwa na walimu wa Karagwe: naomba unifikirie, hali ya uchumi, mimi na wewe ni ndugu. Nilishindana naye mpaka mia na hamsini. Alinipimia makopo manne, na kila kopo alilisawazisha kwa kiganja mpaka likawa bapa kama meza.

Mama Riziki alikuja, akanunua makopo manne yake kwa mia mbili kamili kila moja, hakubishana hata neno. Kila kopo lilijazwa kilima. Halafu akainamisha kichwa kidogo.

"Na matabishi, dada?"

Gao moja la nyongeza likaingia mfukoni. "Na ya batoto?" La pili. "Na ya njia?" La tatu, kwa kicheko. Tulipoinua mifuko yetu, wangu ulikuwa wa kutia huruma.

"Bei ni ya biashara," aliniambia tukiwa tunatembea. "Matabishi ni ya mutu. We umeshinda biashara, ukamukosa mutu."

Nilibaki na fedha za mchele, na watoto ishirini wasingekula ushindi wangu. Mama Riziki alisimama kando akakunja mikono. Nani aliwahi kuona karani akiomba nyongeza? Nililipa bei niliyotajiwa na muuza mchele, masikio yakiwaka moto, nikasema kwa sauti ndogo: "Na matabishi, mama? Ya mtoto?"

"Mutoto gani?"

"Wangu. Ana wiki moja. Kesho tunampa jina."

Yule mama aliacha kopo. "Ya kwanza? Kijana ama binti?"

"Binti."

"Félicitations, papa!" alinipongeza. Akaongeza gao, akaongeza lingine, akamwita jirani yake wa vitunguu, naye akatupia vitunguu vitano vya mama mzazi. Nilitaka kulia, nikacheka.

Saa nane nilikuwa nyumbani. Mama mkwe alifungua mifuko. Akatia mkono kwenye maharage, akauliza nani kayanunua. Mimi, nikasema. Akainua mchele. Na huu? Pia mimi.

"Haiwezekani," alisema. "Hivi viwili havikununuliwa na mtu mmoja."

Jumapili watoto walikula, wakarudia, na sufuria ya wali ikabaki na chakula cha mama mzazi cha jioni. Binti akapata majina ishirini na matatu, tukachagua moja.

Niliyojifunza ndiyo hayo niliyokwisha kusimulia: karatasi si takataka, bati si mafuta, na mdomo mzuri unaweza kukupunja.

Jumatatu asubuhi, nikiwa nafunga tai, mama mkwe alinijia na lile fundo la kitenge, akalifungua mbele yangu. Alitaka mchele wa kupeleka Mudende. Safari hii sikuona aibu. Niliinama nikazipokea zile fedha kwa mikono miwili.

"Usiende wewe," alisema. "Mtume yule aliyenunua mchele."