Dari la Nyumba ya Sufu

Masouda hakusoma, lakini nyumba ya marehemu baba yake kule Matrah aliijua boriti kwa boriti. Chini ghala la sufu, juu wakilala watu. Vyumba vilikuwa vyembamba, maana upana wake ulifuata urefu wa boriti, na katikati ya dari palikuwa na tundu la kupandishia marobota. Kamba ilisugua boriti ya ukingoni mpaka ikachimba mfuo. Humo aliolewa, humo akarudi alipoachwa, humo akamuuguza mama yake mpaka akamzika.

Ndipo kaka yake Hamoud akaja na habari za mchwa. Dari litamwangukia, alisema. Ahamie kwake Al Khoudh kwa muda, nyumba itengenezwe. Masouda akafunga nguo zake. Kila alipouliza, mafundi bado. Miaka ikapita, yeye akipika na kulea wana wa Hamoud, akingoja kurudi kwake.

Juzi Nunu, bintiye Hamoud, alimtoa wakanywe kahawa Qurum, kwenye mkahawa asioujua. Masouda akainua macho. Zilikuwa boriti nyekundu na nyeusi, rangi aliyoichagua mama yake. Tundu lilikuwepo. Mfuo wa kamba nao ulikuwepo. 

"Dari limekupendeza, shangazi?" Nunu akauliza. "Baba ndiye aliyewapa wenye mkahawa miti ya Matrah. Nilidhani unajua."

Lini? "Mwaka ule ule ulipohamia kwetu," Nunu akamwambia. Basi hata mizigo alikuwa hajaifungua, nyumba imeshavuliwa dari.

Masouda akataka apigiwe Hamoud simu. Huyo akaanza na utani, kwamba dada siku hizi amekuwa bibi mkubwa wa Qurum.

"Nipo chini ya dari letu," Masouda akasema. "Mchwa wako wapi?"

 Hamoud, kwa upole, akasema nyumba kongwe haina faida; chumba anacho, anakula, analala, analalamikia nini?

"Chumba umenipa wewe. Ile nyumba nimerithi."

Akarudisha simu. Nunu, machozi yakimtoka, akasema warudi nyumbani. Masouda akataka apelekwe Matrah.

"Kule hakuna dari, shangazi. Ni jua tupu."

"Kuta zipo?"

"Zipo."

"Basi nipeleke, nna fungu langu mle. Na tupite dukani kwanza, tununue kufuli."