Mabeseni Mawili ya Mama Chai

Sauti ya Mama Chai ukiisikia kwa mara ya kwanza utadhani unafukuzwa. Kumbe anakukaribisha. Akisema "karibu" kuku wa jirani wanatimka, na akimwita mtu aliye sokoni, watu watatu wanaitika. Usimhukumu kwa sauti hiyo. Ndiyo aliyozaliwa nayo, na kwa miaka mingi ilikuwa ndiyo tangazo la kibanda chake cha chai, maana hakuwahi kuhitaji kibao.

Siku hizi anapika chai kwenye ukumbi wa vijana. Ukumbi wenyewe ni ghala la zamani la nafaka, limezibwa matobo, limepakwa chokaa, likatiwa madirisha. Kila Jumamosi vijana wa Juu na vijana wa Chini wanakutana humo kuongea. Na hapa lazima nikueleze, usije ukaniacha njiani. Barabara ya soko inaukata mtaa ule vipande viwili. Walio upande wa mlimani wanaitwa watu wa Juu, walio upande wa bondeni wanaitwa watu wa Chini, na wana lugha mbili na wajomba tofauti. Zamani walioana, wakazikana, wakagombana kama watu wote. Halafu ukaja mwaka ule. Nyumba za Chini zikachomwa, watu wakauawa pande zote mbili, na wengi wa Chini wakakimbilia nchi jirani wakawa watu wa kambini. Wachache tu walibaki.

Sasa kuna mradi. Wenyeji wenyewe waliuanzisha, baadaye wakapata wa kuwashika mkono. Kazi yake ni mbili: kuezeka upya nyumba za wanaotaka kurudi, na kuwakalisha vijana pamoja ili walioko na wanaokuja wasije wakauana tena. Sheria ya ukumbini ni moja tu, kwamba hukai karibu na mtu wa upande wako. Wanapangwa mmoja mmoja kama shanga, wa Juu, wa Chini, wa Juu, wa Chini, wanazozana mpaka mishipa inawatoka shingoni, kisha wanaletewa chai.

Mama Chai ni wa Juu. Lakini ungemuuliza siku zile! "Mimi hapa sina Juu wala Chini," angekuambia, mikono kiunoni, "mimi nina wenye kiu na wasio na kiu!" Wageni wakija, mratibu wa mradi alikuwa anawapitisha jikoni makusudi wamsikie. Wanacheka, wanampiga picha. Picha moja iliwekwa hadi kwenye kalenda ya mradi, Mama Chai kainua birika, meno yote nje. Kalenda hiyo aliitundika sebuleni, juu ya kochi, mahali ambapo mgeni hawezi kukosa kuiona. Alijipenda mle, na sioni ubaya wake.

Ila kulikuwa na vile vikombe.

Vilikuwa vikombe vya bati vyeupe, nusu vina ukingo wa buluu, nusu vina ukingo mwekundu. Na mabeseni ya kuoshea yalikuwa mawili, moja mkono wa kulia, moja mkono wa kushoto. Vya buluu viliingia la kulia. Vyekundu viliingia la kushoto. Kwenye sinia ilikuwa hivyohivyo, na sinia la buluu lilikuwa na wanywaji wake, la vyekundu na wake. Mama Chai aliviosha huku akipiga domo, hata hatazami, mikono ikijua njia yake. Ungemuuliza kwa nini, angekushangaa. Kichwa chake kilikwisha kujifanya hakijui.

Basi Mama Mapacha akaja.

Mama Mapacha ni wa Chini, na kabla ya mwaka ule walikuwa wakiishi ukuta kwa ukuta na Mama Chai. Walikuwa mashoga hasa, si wa salamu za njiani. Alipojifungua mapacha na maziwa yakamkatalia, Mama Chai, naye ana mtoto mchanga wakati ule, alimchukua pacha mmoja akamnyonyesha pamoja na wake mpaka mambo yakatengemaa. Kisha vurugu zikawatenganisha. Mapacha walikulia kambini.

Sasa kambini hakuna mtu anayefungasha mizigo kwa maneno ya redioni. Kwanza hutumwa mtu mmoja anayeaminika, aje akae siku chache, aone kwa macho yake, arudi awaambie wenzake. Kwa familia za mtaa ule alichaguliwa Mama Mapacha. Akisema pale panakalika, watakuja. Akitikisa kichwa, basi tena, mabati yatapelekwa mtaa mwingine.

Mama Chai alimfuata mratibu hadi ofisini. "Akija atalala kwangu. Si hotelini, si kwa nani wala nani. Kwangu!" Kwa siku kadhaa hakulala vizuri kwa furaha. Alimtaka shoga yake arudi. Alikuwa na watu wengi wa kucheka nao, lakini wa kulia naye alikuwa yule mmoja tu.

Walipoonana walishikana, wakalia, wakachekana mvi, wakalia tena. Siku ya kwanza ilikwenda vizuri ajabu.

Siku ya pili ikawa Jumamosi. Mama Mapacha aliandaliwa kiti cha mbele ukumbini kama mgeni wa heshima. Akakikalia kidogo, akasikiliza vijana wakizozana juu ya nani arudishiwe shamba la nani, kisha akachomoka, akaingia jikoni, anakunja mikono ya gauni.

"We! Rudi ukakae, wewe mgeni!" Mama Chai akapayuka.

"Tangu lini mimi nikaingia jikoni kwako nikakaa? Nipishe hapo."

Akachuchumaa, akaanza kuosha. Mama Chai anamimina, anasimulia habari za jirani mmoja aliyeoa mke mdogo kuliko bintiye, wote wawili hoi kwa kicheko. Mama Mapacha akachukua kikombe chekundu, akakitumbukiza kwenye beseni la kulia. Mama Chai, bila kukatiza hadithi yake, akakitoa, akakitia kwenye beseni la kushoto. Mama Mapacha akachukua chekundu kingine, akakitia lilelile la kulia. Mkono wa Mama Chai ukaja tena, ukakitoa, ukakihamisha.

Kicheko kikakatika upande mmoja.

"Shoga," Mama Mapacha akauliza, mikono imejaa povu. "Hivi vyekundu vina nini?"

Mama Chai akafumbua kinywa. Akautazama mkono wake mwenyewe, ule uliolowa maji, kana kwamba ni wa mtu mwingine.

"Ni... utaratibu tu."

"Utaratibu wa nini?"

Hapo ndipo alipoingia Golikipa. Huyu ni kijana wa Chini, wa zile familia chache zilizobaki, mrefu, mcheshi, mdomo wake hauna breki, na Mama Chai anampenda kama aliyemzaa. Alikuja na sinia la vikombe vichafu. Akaona mabeseni, akaona nyuso, akaelewa papo hapo, na badala ya kutoka kimyakimya akaamua kuokoa jahazi kwa mzaha.

"Aa, mama mkubwa, umeshagundua?" akamwambia Mama Mapacha. "Vyekundu ni vyetu, wa Chini. Vya buluu vya wenyewe. Lakini usijali, sisi tulishavichanganya zamani! Sinia likipita mlangoni tu, tunabadilishana. Wa Juu wananywea vyekundu, sisi tunanywea vya buluu. Tunauita mchezo wa kuvuka barabara. Hata hicho kikubwa cha Mama Chai mwenyewe, kila Jumamosi mimi nakinywea kwanza, nakifuta, nakirudisha!" Akaangua kicheko. "Na hajafa. Mtazame alivyonawiri!"

Hakukuwa na kinyongo hata chembe katika kicheko kile. Bora kingekuwepo, Mama Chai angepata cha kukasirikia.

"Mlijua?" akauliza, na ile sauti yake haikuwepo.

"Wote tunajua, Mama."

"Mbona hamkuniambia?"

Golikipa akaacha kucheka. Akakuna kisogo. "Tuliona utaaibika."

Jamani. Watoto ambao wazee wao waliuana walikaa wakashauriana, wa Juu kwa wa Chini, jinsi ya kumfichia aibu mtu mzima. Huenda hilo lilikuwa jambo la kwanza kabisa waliloafikiana mle ndani. Mama Chai alihisi moto ukimpanda kutoka shingoni hadi masikioni. Alitamani ardhi ipasuke immeze, yeye na birika lake. Akajifanya anakwenda kuleta kuni, akasimama nyuma ya ghala, uso umeuelekea ukuta, mpaka chai ikafurika jikoni ikazima moto.

Jioni nyumbani walikaa sebuleni chini ya ile kalenda. Mama Chai aliiona akatamani kuichana, ila kuichana mbele ya mgeni kungekuwa aibu nyingine. Akaenda kutengeneza chai. Mbele ya kabati la vyombo akakwama. Akichukua kizuri, ataonekana anajikosha. Akichukua cha kawaida, kitaonekana ndicho kile. Yeye, aliyemiminia watu chai maisha yake yote, hakujua amimine kwenye nini. Alirudi mikono mitupu.

"Ilianza kibandani, baada ya mwaka ule," akasema. "Maneno yalizagaa kwamba wa Chini wanatia sumu, wanatia uchawi, kila mtu na lake. Wateja wa Juu wakaapa hawanywei chombo kilichoguswa na wa Chini. Nikanunua vikombe vya rangi mbili ili nisifunge biashara. Wallahi ilikuwa kwa ajili ya wateja tu."

"Wateja hao bado unao?"

"Wapi! Niliacha kibanda nilipoajiriwa ukumbini."

"Na beseni ukaja nalo."



Mama Mapacha hakupandisha sauti. Alikuwa anakunja upindo wa nguo yake, anaukunjua, anaukunja. "Ulimnyonyesha mwanangu," akasema. "Akishiba unamfuta mdomo kwa nguo yako, halafu unamwekea wako pale pale. Siku zile ulikuwa unanawa kwenye beseni lipi?"



Asubuhi ya safari alimsindikiza hadi kwenye gari la mradi, amembebea mfuko. Alijikaza, akauliza, "Utawaambia nini?"

"Nitawaambia kuta zimesimama, zinataka mabati tu. Kisima kinatoa maji. Vijana wanagombana kwa maneno, halafu wanacheka." Akapanda, akaupokea mfuko.

"Na mimi?"

Mama Mapacha akatazama mbele. "Wewe niachie kwanza."

Gari likaondoka. Mama Chai akarudi jikoni, akachukua beseni la kushoto, zima kabisa, akalitoboa kwa msumari na nyundo huku machozi yanamtoka. Waliomwona walisema leo mama kachanganyikiwa. Akaenda ofisini kumwomba mratibu aiondoe picha yake kwenye kalenda. Mratibu akacheka, akadhani ni unyenyekevu, akamwambia zimeshachapishwa na kugawiwa zote. Kwa hiyo amebaki anainua birika kwenye kuta za watu mtaa mzima, na kila nyumba anayoingia anakuta anajichekea.

Jumamosi iliyofuata alichanganya vikombe vyote kwenye beseni moja, akakusudia kuwaomba radhi vijana. Maneno alikuwa nayo, aliyapanga njia nzima. Golikipa akachungulia, akaona buluu na nyekundu zinaelea pamoja, akapiga kelele, "Aah, Mama! Umetuharibia mchezo!" Ukumbi mzima ukacheka, na maneno yakamkwama. Akaosha vikombe, mgongo kawapa. Ile kauli ya "sina Juu wala Chini" haijasikika tena. Wageni wa mradi wakija, anawaambia chai ina moto, waangalie wasiungue.

Miezi ikapita, habari zikaja kutoka kambini. Wanarudi.

Mtaa ulijaa nyundo. Mama Chai aliwapikia chai mafundi wa mabati bila kuitwa. Siku ya mapokezi aliamka mapema, akatoa beseni lake moja, akaliweka mbele ya meza, mahali pa wazi kabisa, kila apitaye alione. Akaosha vikombe mbele ya kadamnasi, polepole, chekundu na cha buluu, chekundu na cha buluu. Kimoja cha udongo, chenye maua, alichokinunua kwa siku hiyo, akakificha chini ya kitambaa kwa ajili ya shoga yake.

Malori yakaingia. Watu wakashuka na magodoro na masufuria, wengine wanalia, wengine wanatafuta milango yao. Foleni ya chai ikapangwa. Mama Mapacha alikuwa katikati, na nyuma yake vijana wawili warefu, sura moja. Alipofika mezani walishikana mikono, wakaulizana hali. Mama Chai akaingiza mkono chini ya kitambaa.

Lakini mwenzake alikwisha kufungua mfuko. Akatoa kikombe cha plastiki cha kambini, kimechakaa, kimepauka. Akatoa na viwili vingine, akawapa wanawe.

"Nimekuja na vyetu, shoga," akasema kwa upole, kama mtu anayekumbuka shida za mwenzake. "Nisije nikakupa kazi ya kuosha."

Mama Chai alitaka kusema beseni ni moja sasa, tazama, hili hapa, ni moja. Akaona mtu wa kuonyeshwa beseni kwanza ndipo akuamini si shoga tena. Akakiacha cha maua pale pale kilipo, akainua birika, akamimina kwenye plastiki. Kisha pacha wa kwanza akasogea, yule aliyemnyonyesha, akanyoosha kikombe chake kwa mikono miwili.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba," Mama Chai akajibu, na sauti ile iliyozoea kuwaitisha watu watatu sokoni haikufika hata kwa aliyefuata kwenye foleni.