Mpishi Simtaji

"Mpishi simtaji, Salehe, hata ukinifukuza kazi!"

Bibi anayetembeza wageni Mwanza alimkatalia bosi wake mbele ya watalii sita. Kila siku huwasimamisha wageni kwenye ua wa boma la zamani na kuwauliza nani alimuua ofisa wa Kijerumani wakati wa vita. Kabla ya kila uongo huugonga ukuta kwa fimbo mara mbili.

"Bibi, wageni wanataka muuaji."

"Nitawapa mamba." Akagonga, ko, ko. "Alitoka ziwani, akapanda ngazi, akapiga hodi kwa adabu."

"Karatasi za Wajerumani zinasema ni mpishi wa ofisa!"

"Waliziandika wenyewe, walipokwisha kumnyonga."

Salehe alipofungua mdomo ajibu, Mastura, mjukuu wa mpishi huyo, akaingia na birika la chai.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Salehe, mpokee birika."