Picha Niliyosema Imeungua

Nimepiga picha nyingi maishani, na baadhi yake watu wamezitundika sebuleni mwao. Ile ninayoikumbuka kuliko zote sikukusudia kuipiga. Niliipigia mlangoni kwa mama yangu, Jumapili moja ya miaka ya hamsini, katika shamba la mzungu karibu na Rongai. Naandika sasa kwa sababu dada yangu, aliyekuwa na haki ya kunisuta, hayupo tena, na najijua: nisiposutwa, mimi husahau upesi.

Nilikuwa karani wa maziwa. Kila asubuhi nilisimama kwenye kibanda cha krimu nikiandika ndoo za kila mkamaji, na nilifanya hivyo nikiwa nimevaa viatu. Katika shamba lile waliovaa viatu kazini walikuwa mpishi wa meneja na mimi. Mtu anaweza kucheka, lakini viatu vile vilinipanda kichwani.

Kamera nilipewa na memsahibu, mke wa meneja, siku walipokuwa wakifunga virago kurudi kwao. Ilikuwa kisanduku cheusi chenye jicho moja mbele. Alinifundisha akiwa amesimama katikati ya masanduku, mkono mmoja umeshika orodha ya vyombo. Jua liwe mgongoni mwako. Kamera ikae tumboni. Usipumue. Bonyeza. Ukimaliza, zungusha kitufe mpaka namba ifuatayo ionekane kwenye kidirisha chekundu cha nyuma. Filamu moja ilikuwa na namba nane. Somo lote halikufika dakika tano, na nilitoka pale nikijiita mpiga picha.

Lile neno "usipumue" nililielewa kombo. Memsahibu alikuwa akimwambia anayeshika kamera, maana tumbo likipanda na kushuka, kisanduku nacho hutikisika. Mimi nikadhani ni amri ya anayepigwa. Basi watu wa shamba lile walisimama mbele yangu wamejaza mashavu upepo, macho yamewatoka, huku mimi nikihema kwa raha zangu nyuma ya kamera. Picha zilipotoka zimetikisika, niliwagombeza wao.

Wakati huo dada yangu mkubwa alikuwa ameolewa Arusha, na alikuwa na miaka sita hajaja nyumbani. Barua zake zilikuja kwa jina langu, nami nikamsomea mama, kwa kuwa mama hakujua kusoma. Katika barua moja dada aliandika kwamba wanawe wanamuuliza nyanya yao anafanana na nani, naye hukosa la kuwaambia. Je, sikuwa na kamera? Nimpige mama picha, nimtumie.

Nilisoma mstari ule kwa sauti kabla sijajua unaelekea wapi. Ningeuona mapema, ningeuruka. Mama akaniambia niusome tena.

"Kwa hiyo hao watoto hawanijui," akasema.

"Watakujua, mama. Siku moja."

"Hiyo siku moja ni gani? Si uko na hiyo sanduku?"

Nilikuwa nayo, na ilikuwa na filamu, lakini filamu ile ilikuwa na kazi yake. Nilikuwa nikimposa msichana wa Njoro, binti wa mwinjilisti. Mwinjilisti yule alikuwa na saa ya mfukoni na maneno mengi kuhusu watu walioachwa nyuma. Nilitaka kumpelekea picha zitakazomfunga mdomo. Nilikuwa nimepiga kanisa, baiskeli yangu, na fahali wa shamba, kila kimoja mara mbili. Namba saba nilijipigisha mwenyewe: niliazima koti jeusi, nikaegemea gari jeusi la meneja mpya, na dereva wa trekta akabonyeza. Namba nane nilimwekea msichana mwenyewe, nimpige nikienda kwao.

Mama naye alijiandaa. Jumapili ile alitoka nyumbani akiwa amejipaka samli usoni na miguuni, amevaa shuka lake jekundu la zamani. Mkononi alishika kibuyu cha maziwa, kile kikubwa, alichokisugua ndani kwa mkaa na nje kwa mafuta mpaka kikang'aa. Kwa watu wetu, mwanamke kushika kibuyu cha namna ile ni kusema: kwangu kuna ng'ombe, mgeni halali njaa. Nililijua hilo vizuri. Na masikio yake, ambayo siku za kazi alizikunja juu ndewe zake, zile nyama za chini zilizotobolewa, zisimsumbue, siku hiyo aliyateremsha. Yaligusa mabega, yamejaa shanga.

Nilimwangalia nikaona haya. Si haya ya leo, haya ya leo ni nyingine. Nilimwona kwa macho ya mwinjilisti wa Njoro. Niliwaza: filamu hii nitaipeleka Nakuru kwa Mhindi wa studio, ataiosha, picha zitarudi katika bahasha moja, na nitamwonyesha bahasha nzima. Halafu huyu atatokea katikati.

Ningeweza kumwambia filamu imekwisha. Hata uongo huo ungekuwa na heshima kidogo. Lakini alikuwa amesimama tayari, kisigino kwa kisigino, na nikaona njia rahisi zaidi. Kidirisha chekundu bado kilikuwa na namba saba. Niliwaza kwamba nisipozungusha kitufe, filamu haitasogea, na isiposogea hakuna kitakachopigwa. Nitabonyeza, kisanduku kitalia, mama atafurahi, na namba nane yangu itabaki salama.

"Mama, usipumue," nikamwambia.

Akashika pumzi. Nilimwacha hivyo kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, nikijifanya napima jua. Alinitazama moja kwa moja. Nikabonyeza.

"Tayari?"

"Tayari, mama. Umetoka mzuri."

Akaachia pumzi, akacheka, akanimiminia maziwa kutoka kwenye kibuyu kile kile. Niliyanywa.

Namba nane nilimpiga binti wa mwinjilisti wiki iliyofuata, chini ya miti ya kwao, kisha nikapanda treni kupeleka filamu Nakuru. Niliporudi kuchukua bahasha, mzee wa studio aliweka picha moja kando, akaigonga kwa kidole.

"Wewe hapana zungusha," akaniambia. "Iko watu mbili hapa."

Ilikuwa namba saba. Nilikuwepo, mguu mbele, mkono juu ya gari. Na ndani yangu alikuwa mama. Shati langu jeupe lilikuwa limefuta sehemu ya shuka lake, lakini koti jeusi lilikuwa limempokea vizuri kabisa. Uso wake ulikaa kifuani mwangu, upande wa kushoto, chini kidogo ya bega. Shanga za masikioni zilihesabika. Kibuyu kiling'aa kwenye mlango wa gari la meneja. Alikuwa amesimama sawasawa, hakutikisika hata kidogo. Mtu aliyetikisika alikuwa mimi, kwa sababu dereva wa trekta alikuwa anacheka aliponipiga.

Mzee wa studio ndiye aliyenieleza, bila kuulizwa, kwamba kila ukibonyeza, kamera huona, uzungushe usizungushe. Akaniambia pia kwamba wa kushika pumzi ni mimi. Nilimshukuru kwa sauti ndogo. Nilikasirika njia nzima mpaka Rongai, na aibu yangu kubwa ni kwamba niliyemkasirikia ni mama. Nilisema moyoni kwamba ameniharibia picha.

Alikuwa akinisubiri kwenye njia ya kibanda cha ndama.

"Imekuja?"

"Imeungua, mama."

"Imeungua aje?"

Hapo ndipo ningeweza kunyamaza. Lakini nilikuwa na hasira, na hasira hutafuta mtu.

"Ulipumua," nikasema.

Mama aliweka mkono mdomoni. "Kidogo tu," akasema. "Mwisho-mwisho. Sikudhani hiyo kitu itajua." Kisha akanipa pole. Akanipa pole mimi, kwa filamu yangu iliyoharibika, kwa safari yangu ya Nakuru. Akauliza kama zile zingine zimepona.

Nikasema zimepona.

Picha ile niliificha ndani ya daftari la zamani la maziwa. Sikuichana, na sijisifu kwa hilo. Nilikuwa nimependeza pale kwenye gari, na nilitumaini siku moja fundi ataweza kumtoa. Binti wa mwinjilisti aliolewa na mwalimu wa Molo kabla sijamaliza kupanga maneno yangu. Baba yake alikuwa amezitazama zile picha zingine kwa dakika moja, akasema fahali ni mzuri.

Siku moja, labda miezi miwili baadaye, nilipita nyuma ya kibanda cha ndama nikamkuta mama amesimama peke yake. Alikuwa ameshika kibuyu, mgongo umenyooka, midomo ameibana. Macho yalikuwa yanamtoka. Alikaa hivyo, akakaa, kisha pumzi ikamponyoka, akatikisa kichwa kama aliyeshindwa mtihani. Akashika tena. Alikuwa anajifunza.

Nilirudi nyuma polepole asinione. Mpaka leo sijui miguu yangu ilipata wapi adabu ya kutembea kimya namna ile, wakati mdomo wangu haukuwa na adabu ya kusema neno moja: Mama, pumua.

Nilinunua filamu nyingine kabla ya mavuno. Safari hii nilitaka kumpiga kweli, nakumbuka nilitaka. Nilimwambia ajiandae Jumapili. Akakataa.

"Peana hiyo kwa watu wanajua kusimama," akasema. "Mimi nimejaribu. Nafika mahali, napumua tu."

Nilimsihi mara moja. Nilijua la kusema ili akubali, kwamba kupumua kwake hakukuharibu kitu, na kulisema kungenilazimu niseme na lile lingine, la picha niliyoificha. Nikamsihi mara moja tu, nikaacha, na kusema kweli nilihisi nafuu. Filamu ile ilikwisha kwa arusi ya dereva wa trekta.

Mama aliugua katika mvua za masika za mwaka uliofuata. Hakuugua muda mrefu. Tulimzika pale pale shambani, kwa ruhusa ya meneja. Dada alipopata habari, akapata basi, akafika, matanga yalikuwa yameshaisha. Alikuja na mwanawe mdogo wa kike, ambaye hakujua alie au acheze.

Siku ya tatu dada aliniuliza. Tulikuwa tumekaa nje, yeye anarekebisha gauni la mtoto, kikapu chake cha kushonea kiko miguuni.

"Hakuna hata picha moja yake? Wewe na hiyo kamera yako yote?"

Niliingia ndani nikatoa daftari. Sijui ushujaa ule ulitoka wapi, pengine nilichoka. Nikampa picha. Aliishika, akaigeuza kwenye mwanga, na kwa muda alimwona kijana wa koti tu. Kisha nikaona amemwona mama. Akamwita mtoto.

"Njoo. Huyu ndiye nyanya yako."

Mtoto akaweka kidole kwenye picha, kifuani pangu, pale kwenye koti. "Mbona ako ndani ya mjomba?"

 Dada alichukua makasi kwenye kikapu, akasema atamkata mama amtoe, mama peke yake, aweke kwenye fremu. Aliyasogeza makasi upande huu, akayasogeza upande ule. Akajaribu kupita chini ya kidevu changu, akaona ataondoka na sikio moja la mama. Akajaribu kando ya mkono, kibuyu kikabaki nje. Mwisho akayarudisha makasi kwenye kikapu.

"Mama aliiona hii?" akaniuliza.

Nilikuwa na nafasi ya pili, kweupe kabisa, mchana, hakuna aliyenishika koo. Mtu mwingine angeitumia.

"Aliiona," nikasema. "Aliiona, akacheka sana."

Dada alinitazama. Hakuwa na hasira; ningeomba awe nayo.

"Aliniandikia," akasema. "Alienda kwa katekista amwandikie, kwa sababu hakutaka kukusumbua wewe. Alisema nisingojee picha. Alisema ulijitahidi sana, lakini iliungua, na kosa ni lake. Alisema alipumua."

Mtoto alikuwa bado ameegemea goti lake, anaangalia picha. Sikuwa na pa kuweka macho, nikayaweka kwenye viatu vyangu.

Dada aliifunga picha ndani ya kitambaa, akaiweka chini kabisa ya kikapu, na kesho yake wakarudi Arusha nayo. Alipokuwa anapanda basi nilitaka kumwomba aniachie, kwa kuwa sikuwa na nyingine, wala sijapata nyingine hadi leo. Nilifungua mdomo. Dada akanitazama akiwa mlangoni mwa basi, akasubiri, na mimi nikashika pumzi mpaka likaondoka.