Kiroba Alichogawiwa Agatha

Paskalia si mtu wa kutulia. Pale machimboni Nyarugusu anaponda mawe ya dhahabu, anaosha mchanga, anakaanga samaki, yote kabla ya saa sita mchana. Lakini siku ya majibu ya bintiye Agatha alipitiliza. Alifagia zahanati nzima, akalihamisha benchi, akalirudisha, akagombana na mbuzi wa watu.

Agatha ana miezi mitatu. Alitolewa damu kisiginoni ijulikane kama ana sikoseli, ugonjwa uliomzika kaka yake mwaka juzi, na ambao humliza dada yake Hosiana, mwenye miaka minane, mifupa inapomuuma. Paskalia aliogopa, tena sana.

Asubuhi mumewe Meshack alikuwa amemtuliza. "Wawili wameshaupata, Mama Hosiana. Huyu wa tatu lazima awe mzima."

"Si wewe unayegawa viroba vya mawe duarani, kule shimoni, Baba Hosiana? Mchimbaji akiangukia vibovu mara mbili, cha tatu kinajua?"

Meshack akakuna kichwa. Mwanamume mzima, kila wiki anagawa viroba vilivyofungwa, halafu anasahau! Nesi Euphrasia alikuwa amewaeleza wote wawili: kila mzazi ana jeni mbili za damu. Yai na mbegu vinapotengenezwa, jozi hiyo hutengana, kila kimoja kikabeba moja tu, bila kuchagua. Paskalia ana moja nzima na moja mbovu, Meshack vilevile. Na kila mimba mgawo huanza upya.

"Mama Hosiana!" nesi akaita mlangoni pa zahanati. "Agatha amerithi mbovu moja, nyingine nzima. Hataugua. Ila akija kuolewa, mchumba naye apime."

Paskalia akapiga kigelegele, akacheza na mtoto mgongoni, akaanza kukusanya vitu waondoke.

Hosiana, aliyekuja nao, akamvuta mama yake khanga. "Mayu, mimi mlinipa mbovu zote mbili?"

"Ndiyo, mwanangu. Hatukuwa tunaona."

"Mngeona, mngenitaka?"

Kwa mara ya kwanza tangu alfajiri, Paskalia akakaa. Akampakata Hosiana, miguu mirefu ikiburuza sakafuni, na nesi alipomwambia wanafunga zahanati, hakuinuka.

"Ningekutaka wewe," alisema. "Wewe huyuhuyu."